Mama ana saratani ya titi, tupo Mpwapwa: tuanzie Dodoma au twende moja kwa moja Dar?

Binti_Mpwapwa (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu, na shikamoo kwa wanaostahili. Naomba ushauri, hasa kwa mnaofanya kazi hospitalini au mnaoijua njia hii.

Mgonjwa ni mama, miaka 54. Titi la kushoto lina uvimbe mgumu, ngozi imebonyea, na pembeni pana kidonda kidogo kinachotoa majimaji yenye harufu. Hospitali ya wilaya walivuta kwa sindano nyembamba, majibu yakasema seli zinaonyesha saratani. Amepewa rufaa. Kadi yake ni CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii). Usiku halali kwa maumivu, Panadol haifui dafu.

Wajomba wanasema tusipoteze muda Dodoma, tupande treni tukashukie Dar, twende Ocean Road, hospitali ya saratani. Shangazi yeye hataki hata kusikia habari za kukatwa kinyama cha kupima, anasema chuma kikigusa saratani inasambaa. Tuanzie wapi, tubebe nini, na hayo maumivu tuyafanyeje?

Kiti_cha_Nyuma

Pole sana dada. Wazee si wanatibiwa bure? Nendeni tu, wasiwasi wa nini.

Maabara_Ghorofa_Chini

Hapo juu: sera ya wazee ni kuanzia miaka 60, tena kwa wasio na uwezo. Mama ana 54, msimpeleke kwa matumaini hayo.

Mleta uzi, anzeni Dodoma. Kinachokula miezi ya wagonjwa wengi si umbali. Ni kinyama kilichoharibika na karatasi zisizosomana. Ukifika Dar na majibu ya sindano nyembamba peke yake, wataagiza kinyama kichukuliwe upya, na kusubiri kutaanza moja, safari hii mkiwa mnalipa malazi ya mjini.

Sindano nyembamba inatoa seli tu. Kabla ya kemo (dawa za saratani za dripu) daktari anataka nyama yenyewe, na hiyo inachukuliwa kwa sindano nene: vipande kadhaa vyembamba, kila kimoja kama sentimita moja au mbili. Ni ganzi ya pale pale, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Majibu kamili lazima yataje aina ya saratani, daraja lake, na vipimo vitatu: ER na PR (kama saratani inaitikia homoni) na HER2 (protini iliyo juu ya seli). Msikubali kuondoka na karatasi iliyoandikwa "saratani ya titi" halafu basi. ER ikiwa chanya, mama atakunywa vidonge vya homoni miaka mitano au zaidi baada ya tiba nyingine. HER2 inasomwa 0, 1, 2 au 3: 0 na 1 ni hasi, 3 ni chanya, na 2 ni katikati, inadai kipimo kingine cha kuthibitisha. Zote tatu zikiwa hasi, vidonge vya homoni havina kazi kwake. Kwa hiyo bila vipimo hivyo mpango wa matibabu ni wa kubahatisha.

Sasa kopo, kwa sababu mara nyingi ndugu ndio wanaolibeba kutoka chumba cha upasuaji hadi maabara. Angalieni haya kwa macho yenu:

Dawa ndani ya kopo iwe fomalini ya asilimia 10. Si spiriti, si maji ya dripu, wala kinyama kisifungwe kwenye gozi kavu. Kiingie ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini. Fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kikibanwa kwenye kichupa chembamba, nje kinaiva na ndani kinaoza. Kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72 kabla ya kushughulikiwa. Kikichelewa kuingia, ER inaweza kusoma hasi wakati si hasi, na hapo mama ananyimwa dawa ambayo ingemfaa. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko hufunguliwa vitatu kwa pamoja mezani, na vinabadilishana.

Mkija kupewa rufaa ya mbele, ombeni bloku ya nta (ndimo kinyama kinamohifadhiwa) na vioo vyake, msiishie kwenye karatasi. Bloku isiachwe kwenye dashibodi ya gari juani, nta inalegea.

Shangazi mwambieni kwa heshima kwamba sindano haisambazi saratani ya titi. Wanaochomwa wakaonekana imesambaa, mara nyingi ilishasambaa kabla hawajafika.

Mizizi_na_Majani

Kabla ya yote hayo jaribuni majani ya mstafeli, chemsha mnywesheni kutwa mara tatu. Watu wamepona.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mkuu, hapana. Akishaanza kemo, ini na figo ndizo zinazobeba dawa. Ukiongeza mchemsho usiojulikana kipimo chake, vipimo vya ini vikipanda hakuna atakayejua ni kemo au ni majani, na mzunguko utaahirishwa. Kama ameshaanza kunywa kitu, amwambie daktari bila aibu. Hatagombezwa, na akigombezwa avumilie.

Dada, kliniki ya saratani ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule upande wa chuo kikuu, UDOM, na kemo inatolewa hapo. Kabla ya dripu ya kwanza tegemeeni picha ya damu (FBP), figo, ini, homa ya ini B, VVU, eksirei ya kifua, altrasaundi ya tumbo au CT, na echo ya moyo. Hiyo ya moyo watu huiona ni gharama ya bure. Siyo. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, inaweza kuchosha moyo, ndiyo maana wanaupima kwanza. Na homa ya ini B ikiwa imelala mwilini, kemo inaweza kuiamsha.

Mpango unaotumika sana kwa titi ni dawa nyekundu pamoja na saiklofosfamaidi, kila baada ya siku 21, mara nne, kisha paklitaseli kwa takriban wiki 12. Kwa hiyo pangeni maisha ya karibu miezi sita, msipange ya wiki mbili. Kwa uvimbe ulioshika ngozi kama huo, daktari mara nyingi huanza na kemo ili upungue, ndipo upasuaji. Msidhani wamewakwepa.

Kipimo cha dawa kinatokana na urefu na uzito, hivyo apimwe uzito kila mzunguko. Damu ichukuliwe siku moja au mbili kabla. Seli nyeupe za ulinzi zikiwa chini ya 1.5 au chembe sahani chini ya 100, kwa kawaida anarudishwa nyumbani wiki moja. Wenye kutoka mbali kama Mpwapwa waulize kama FBP inaweza kufanyika hospitali ya wilaya na majibu yakatumwa, isije ikawa nauli imekwenda na dripu haijatundikwa.

Wakati dripu inaingia, akisikia kuchoma au kuvimba pale sindano ilipo, aseme sekunde hiyohiyo. Dawa nyekundu ikimwagika nje ya mshipa inakula nyama. Wamama wengi wananyamaza kwa kuogopa kusumbua, na hapo ndipo kidonda kinapopatikana.

Mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili ni rangi ya dawa, si damu. Kwa saa 48 mkojo na matapishi vishikwe kwa glovu, choo kimwagiwe maji ya kutosha na kufunikwa, nguo zake zifuliwe peke yake. Mjamzito asivishike kabisa. Nywele zitaanza kutoka kama wiki ya pili au ya tatu. Azinyoe mapema kama anapenda.

Na hili ndilo naomba mlikariri. Nunueni kipimajoto cha dijitali. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu kinga iko chini kabisa. Joto likifika 38, ni dharura, hata kama ni saa nane usiku, hata kama anaongea vizuri. Msimpe Panadol kwanza mkasubiri ishuke. Mkimbize hospitali ya wilaya na kadi yake ya kemo mkononi, na mseme neno la kwanza: "Yuko kwenye kemo." Kosa la kawaida ni hili: anapimwa malaria, inatoka hasi, anapewa dawa ya homa, anarudi nyumbani. Anachohitaji ni FBP na antibayotiki ya mshipa upesi, malaria ipimwe huku dawa ikiendelea.

Mdomo ukipata vidonda: nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu cha magadi ya kuokea kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa, asukutue mara nne au zaidi kwa siku. Chakula kidogo mara nyingi. Uji wa uwele wenye karanga zilizosagwa, mlenda na ugali laini, mayai yaliyoiva hasa, dagaa. Zabibu sawa, lakini zioshwe kwa maji safi.

Dawati_la_Ustawi

Naongezea upande wa fedha, maana wengi wanakwama hapa na si kwenye ugonjwa.

CHF iliyoboreshwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani pale General. Mkapa iko juu ya hapo. Kwa hiyo itumieni General kwa vyote vinavyofanyika pale, FBP, eksirei, altrasaundi, kisha mchukue rufaa ya kwenda Mkapa. Mkiruka General, mtalipa mfukoni vitu ambavyo kadi ingevibeba.

Kama uwezo haupo, utaratibu wa msamaha unaanzia kijijini. Barua ya mtendaji yenye muhuri na picha ya mgonjwa, ieleze hali ya kaya: chanzo cha kipato, wanaotegemewa, kama ni wanufaika wa TASAF, mfuko wa kaya maskini. Barua ya mistari miwili, "huyu ni maskini asaidiwe", haimsaidii afisa kufanya tathmini. Mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulipa chochote. Deni likishaingia kwenye mfumo kulifuta ni kazi ya kamati. Msamaha unaweza kuwa wa yote au nusu. Ombeni pia makadirio ya kila mzunguko kwa maandishi, ndugu wakichanga wajue wanachangia nini.

Mwenye NHIF (bima ya afya ya taifa) akisoma hapa: dawa za saratani nyingi zinataka kibali cha mfuko kabla. Ulizeni dirisha la bima siku daktari anapoandika mpango, si asubuhi ya dripu.

Binti_Mpwapwa

Mungu awabariki. Bado maumivu na kile kidonda. Na mionzi vipi?

Tiba_Shufaa_Kati

Maumivu hayasubiri majibu ya kinyama. Mkifika General siku ya kwanza ulizeni tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa. Watu wakisikia jina hilo wanadhani mgonjwa ameshakatiwa tamaa. Inatakiwa ianze sambamba na kemo.

Panadol ikishindwa, ngazi inayofuata daktari ataamua, na morfini ya maji ni mojawapo. Inanywewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, si mpaka aumwe. Nguvu ya chupa hutofautiana, kwa hiyo muulizeni mfamasia ni miligramu ngapi kwa kila mililita, na mpime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha jikoni hapana. Morfini inafunga choo karibu kwa kila anayeitumia, hivyo dawa ya kulainisha ianze siku hiyohiyo, msingoje siku ya tano. Kichefuchefu na usingizi vya siku chache za mwanzo hupungua. Akiwa haamki vizuri au anapumua polepole mno, acheni dozi na mpelekeni hospitali.

Kidonda: chemsheni nusu lita ya maji, tieni kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, kipoe, oshea hayo. Gozi la zamani lilowekwe kwanza ndipo litoke. Kulivuta kavu kunaleta damu. Harufu inatokana na bakteria wasiohitaji hewa, na vidonge vya metronidazo vilivyosagwa unga laini na kunyunyizwa juu huipunguza ndani ya siku chache. Mwonyesheni muuguzi kwanza. Spiriti, iodini kali na majivu visikaribie hapo.

Mionzi kwa titi kwa kawaida inakuja baada ya upasuaji: Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi vipindi 15 ndani ya wiki tatu, wengine 25. Daktari akiiandika, muulizeni papo hapo itafanyika wapi na tarehe gani. Ocean Road Dar na Bugando Mwanza ni vituo vya muda mrefu kwa kazi hiyo. Wajomba wasubiri hadi hapo ndipo watoe nauli ya treni. Kwa sasa fedha hiyo ina kazi Dodoma. Alama atakazochorwa kifuani zisisuguliwe, na kipindi kisirukwe bila ruhusa.

Binti_Mpwapwa

Shangazi nimemsomea, amesema "haya, nendeni". Swali dogo la mwisho: rufaa imeandikwa majina mawili, kitambulisho chake cha taifa (NIDA) kina matatu, na CHF imeandikwa jina la ubatizo. Ina shida?

Dawati_la_Ustawi

Ina shida kubwa. Rudini hospitali ya wilaya kesho warekebishe rufaa ifuate NIDA, kabla hamjapanda gari. CHF nayo mwandikishaji wa kata airekebishe. Kopo la kinyama likishaandikwa jina moja na faili lingine, maabara itayazuia majibu hadi mwenye kinyama ajulikane.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Na namba ya simu kwenye faili iwe ya mtu anayeshinda na simu yenye chaji. Majibu yakitoka watawapigia hiyo.