Taa za rangi madhabahuni: ibada au disko?

Mzee wa Kwaya: Wakuu, kanisani kwetu zimefungwa LED. Mchungaji anafungua Biblia kwenye bluu, mstari wa pili kijani, "Amina" inamkuta kwenye zambarau. Hii ni sawa? Hoja, siyo matusi.

Binti Tanga: Taa hazina dhambi. Mafundi wa siku hizi wanaweka "auto" halafu huyoo, kwenye chipsi mayai.

Fundi Nuru: Chipsi nanunua kwa hela yangu, dada. Unajua kuhamisha rangi wewe? Nyekundu, kijani, bluu, kila moja ina chaneli yake, 0 hadi 255. Toa nyekundu uende samawati, yaani kijani na bluu pamoja. Ukishusha huku unapandisha kule, katikati zote tatu zinakutana 128, unapata weupe uliochoka. Inabidi uzungukie njano na kijani. "Auto" yako inalijua hilo?

Kipaza: Mbwembwe tu. DMX yenyewe, hiyo lugha ya kuziamuru taa, ni ya juzi, miaka ya 90.

Fundi Nuru: 1986, Marekani. Soma.

Sista Wodi 4: Samahani jamani. Mwanga ukipepesa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, baadhi ya wenye kifafa wanaweza kuanguka, na nyekundu ndiyo mbaya zaidi. Kuna aliyewauliza waumini?

Kipaza: 86, 90, tofauti nini? LED ikizimwa polepole, mwishoni inaruka-ruka kama inashuka ngazi. Balbu ya halojeni ilififia yenyewe, waya ukipoa.

Fundi Nuru: Inaruka kwa asiyejua. Weka biti 16, chaneli mbili kwa rangi moja, una hatua 65,536. Itaruka wapi?

Mama Twins: Picha za harusi yangu zote nina uso wa majivu. Hatua ngapi hizo?

Fundi Nuru: Pole mama, hizo ni taa za rangi tatu tupu. Ngozi yetu inataka LED nyeupe na ya kaharabu humo ndani.

Binti Tanga: Kumbe sasa kosa ni la ngozi.

Fundi Nuru: Nimesema hivyo wapi???

Mzee wa Kwaya: Turudini kwenye mada. Mahubiri.

Kipaza: Mzee, rudisheni halojeni. Ila moja inakula hadi wati 1,000, na kwa jenereta lenu lile, sijui.

Mzee wa Kwaya: Jenereta letu umeliona wapi wewe? Tulichanga wenyewe, linawasha mpaka nyumba ya mchungaji. Nani kakwambia bovu?