Mmeikata CG125 ya marehemu baba yangu, mkafuta na namba ya fremu. Nataka haki yangu (Tanga)

Wakuu, nimejizuia wiki mbili nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, basi naandika hivyo hivyo.

Nina pikipiki ya marehemu baba, Honda CG125. Alikuwa bwana shamba Muheza, kapanda nayo mlimani Amani masika na kiangazi kwa miaka, na tairi zile nyembamba za lami. Alipofariki ikakaa chini ya mwembe imefunikwa turubai. Mwaka jana nikasema niifufue, niifanye ya safari za vumbi: tairi za kashata zile zenye meno makubwa, inyanyuke kidogo, karia ya mizigo, bati la kukinga injini kwa chini. Nipande nayo Amani, siku nyingine Lushoto nivuke mpaka Mtae. Wazo si baya hata kidogo. Honda waliitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, watu wanaobeba mzigo kupita kiasi na kusahau sevisi. Valvu zake zinasukumwa na vijiti, hakuna cheni ndani ya injini itakayolegea. Na cheni ya nje imefungiwa ndani ya kava zima, juu na chini, tope na mchanga visiifikie.

Kitu cha kwanza alichofanya fundi ni kulitoa lile kava akalitupa. Ati la kizee.

Karakana siitaji jina. Ipo hapa mjini, ina picha nzuri nzuri za kazi zake, vijana wanaijua. Tulikubaliana laki sita na nusu, nikatanguliza laki nne, wiki mbili iwe tayari. Ilichukua miezi mitatu. Kila nikipiga simu, "Kaka tulia, kitu kinapikwa." Miezi mitatu sikuambiwa hata mara moja kwamba kuna kitu kinakatwa.

Siku ya kuichukua niliipenda, sitadanganya. Ilikuwa imesimama juu, ina taa mbili za ziada, ina rangi mpya. Nikampitishia mama nyumbani. Akaizunguka taratibu, akashika kiti, akauliza, "Hii ndiyo ya baba yako?" Nikamwambia ndiyo mama. Hakusema tena kitu, akaingia ndani.

Jumamosi nikaenda Amani. Kupanda kutoka Zigi nikaanza kusikia cheni inalia krr, krr, kila nikipita shimo. Kushuka ndiko nilikoona kifo. Shokapu za nyuma aliweka ndefu, nyuma ikapanda sentimita 5, mbele akaiacha ilivyo. Pikipiki imeinamisha kichwa kama mbuzi anayekunywa maji. Shokapu za mbele zikasimama wima kuliko zilivyoundwa, usukani ukawa mwepesi mno, ukigusa jiwe unakuponyoka mkononi. Kwenye kona moja ya udongo mwekundu ukaanza kutikisika kushoto kulia, kushoto kulia, na mimi natazama korongo. Nilishuka na kuisukuma sehemu kubwa ya mteremko ule. Mtu mzima, nasukuma pikipiki mteremkoni kwa kuogopa kuipanda.

Nilipofika Muheza nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa akimtengenezea baba. Hakuwasha hata injini. Alichukua uzi wa kushonea magunia, akaupitisha pembeni mwa tairi la nyuma mpaka la mbele, pande zote mbili, akachuchumaa. "Njoo uone mwanangu." Tairi la nyuma limekaa upande, vidole viwili vinapita kati ya uzi na mpira. Mkono wa nyuma, ule chuma unaoshika tairi na kupanda na kushuka nalo, ulikatwa ndani ili tairi nene la kashata lipite, ukachomelewa umepinda.

Kisha akaniambia nikae kwenye kiti, yeye akashika cheni. Haikutikisika. Imekaza kama waya wa kuanikia nguo. Yule kijana aliikaza pikipiki ikiwa kwenye stendi, haina mtu, mkono wa nyuma umening'inia. Mtu akikaa na mzigo wake, mkono unapanda na ekseli ya tairi inazidi kwenda mbali na sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, mpaka sproketi, bolti ya mkono na ekseli vikae mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inakuwa imekaza kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo inapimwa. Ukinyanyua shokapu bila kulijua hilo, cheni inavuta shafti ya gia kila shimo. Sili ya shafti hiyo tayari inavuja oili. Injini ambayo baba hakuwahi kuifungua!

Taa zile mbili aliziunga moja kwa moja kwenye betri, hakuna fyuzi. Waya umeyeyuka chini ya kiti. Hilo tuliache, waya unanunuliwa.

Lisiloachika ni hili. Ili achomelee kishikio cha hizo taa, alipiga grainda kwenye shingo ya fremu, pale pale Honda walipogonga namba. Akajazia, akapaka rangi. Mzee wa Muheza ndiye aliyeuliza, "Namba iko wapi?" Nimesugua kwa thina na kitambaa usiku kucha hadi vidole vikaniuma. Zimebaki tarakimu tatu za kusomeka. Kadi ya pikipiki ina namba, pikipiki haina. Leo trafiki akinisimamisha pale Segera akataka kulinganisha, mimi ni mwizi wa pikipiki ya baba yangu mwenyewe. Nikitaka kuiuza siwezi, japo siiuzi.

Nilirudi karakana. Jibu: "Kaka, pikipiki ukiikastomaizi lazima kuna vitu vinapotea." Nani alikwambia vipotee? Kwa nini hukupiga simu ukauliza, nikate hapa? Unashika grainda kwenye chuma cha mtu hujasoma kilichoandikwa juu yake? Kazi hii ina mpangilio wake: ukigusa urefu wa nyuma unagusa usukani, unagusa cheni, unagusa hata stendi ya pembeni, maana sasa pikipiki inalala inataka kuanguka. Kama hujui, sema hujui, mteja aende kwingine. Hakuna aibu hapo. Ila kuchukua laki nne za mtu na kujifunzia kwenye urithi wake, hapana.

Ninachotaka: mnirudishie hela yote, mlipie mkono wa nyuma mzima na sili, na tuongozane polisi na TRA mkaeleze wenyewe kwa maandishi kwamba namba mliifuta nyinyi. Mnao mpaka Ijumaa. Baada ya hapo naenda mwenyewe na picha zote ninazo, za kabla na za baada.

Wengine mnaosoma, kama kuna mwenye kava la cheni la CG125 ya zamani, vipande vyote viwili, aniandikie hapa. Na kama kuna aliyewahi kufutiwa namba ya fremu akafanikiwa kuirudisha kihalali, naomba anieleze alianzia ofisi gani.