Wana Dodoma, njia ya baiskeli tunaidai vipi kabla lami haijamwagwa?

Mwana_Nkuhungu

Mbukwenyi wana Dodoma na wote mnaopita humu. Huku kwetu upande wa Nkuhungu wapimaji wamepita, wameacha vigingi na alama za rangi nyekundu kwenye kuta za watu, na mwenyekiti wa mtaa kashatutangazia kwamba barabara inawekwa lami. Watu wamefurahi na mimi nimefurahi maana vumbi la huku kiangazi mnalijua. Sasa nikamuuliza kijana aliyeshika mchoro, baiskeli zimewekwa wapi? Akanionyesha lami mita saba, mtaro huku, mtaro kule, njia ya miguu upande mmoja, basi. Baiskeli haipo kabisa, na wakati wewe ukikaa pale barabarani alfajiri unawaona wanaopita ni kina nani: mafundi ujenzi na ndoo ya vifaa kwenye keria, wauza maziwa, vijana wa mkaa, walinzi wanaotoka zamu, wanafunzi wamepakizana wawili. Hao wote lami ikishakamilika na magari yakaanza kukimbia watabanwa katikati ya gari na mtaro.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huu mji haukupangwa hivyo. Serikali iliamua 1973 makao makuu yaje huku, na ramani ya 1976 waliyoichora Project Planning Associates wa Kanada ilitanguliza waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi, gari la mtu binafsi lilikuja nyuma yao. Leo sensa ya 2022 inasema jiji lina watu 765,179 na bado barabara za mitaani zinachorwa kana kwamba wote tuna magari.

Naomba msaada wenu. Tuende kwa nani, tuombe kitu gani hasa ambacho mtu wa mchoro hawezi kusema hakieleweki, na je kwa jua letu na mchanga wetu inawezekana au itaishia kuwa meza za biashara na njia ya mkato ya bodaboda?

Kamba_na_Pima

Mkuu umeuliza wakati mzuri, vigingi vikiwa bado vigingi. Nimefanya kazi za barabara miaka mingi na nakwambia kitu kikishaingia kwenye orodha ya kazi na bei zake, kukibadilisha ni vita, ila kwenye usanifu kubadilisha ni mtu kukaa na kompyuta tu.

Cha kwanza msiende na maneno "tunaomba njia ya baiskeli", hapo mtachorewa mstari mweupe pembeni ya lami na kazi imeisha. Mstari wa rangi haumzuii mtu, gari linapaki juu yake siku ya kwanza. Nendeni na vipimo. Baiskeli za kwenda upande mmoja angalau mita moja na nusu, lakini kwa baiskeli zetu za mizigo mimi ningesema mita mbili maana gunia la mkaa likikaa kwa ubavu linakula nafasi na mwenzio lazima aweze kupita. Kama zinaenda na kurudi upande mmoja wa barabara basi mita tatu. Na iwe juu ya kingo, siyo chini usawa mmoja na magari.

Nafasi mnaambiwa hakuna? Mara nyingi ipo. Hiyo lami ya mita saba kwa mtaa wa makazi ni ya nini? Mita sita zinatosha daladala mbili kupishana taratibu, na njia ikiwa nyembamba dereva mwenyewe anapunguza mwendo bila kuwekewa tuta. Halafu mtaro, ukifunikwa kwa zege juu yake ni njia. Dodoma mvua zinakuja kwa nguvu Desemba mpaka Aprili kwa hiyo mtaro mkubwa ni lazima, lakini kukaa wazi siyo lazima.

Kitu kinachosahaulika kila mahali ni makutano. Katikati ya barabara mwendesha baiskeli yuko salama kiasi, anagongwa pale gari linapokata kona. Kwenye kiplefti msikubali njia ya baiskeli izungushwe kwenye ukingo wa duara pamoja na magari, hapo anayetoka nje ya duara anamkata mwenye baiskeli moja kwa moja. Ombeni kivuko kirudishwe nyuma kama urefu wa gari moja, kiinuliwe usawa wa njia ya miguu, gari lipande na kushuka, baiskeli ipite bapa. Na kwenye mageti ya nyumba hivyo hivyo, njia isishuke na kupanda kila geti.

Fundi_Viraka_Majengo

Naongezea kwa upande wangu mi ni fundi baiskeli na hivi vitu navionea kwenye matairi. Watu wa michoro wanasema mita mita lakini hawajui mbigili. Zile mbegu mvua zikikatika zinakauka, kila ukiiangusha pembe moja inaangalia juu, upepo unazisukuma zinakaa pembeni ya barabara kulekule anakoambiwa mwenye baiskeli apite. Mtu analeta hapa tyubu moja ina matundu mengi mpaka kiraka kinakaa juu ya kiraka. Mi huwa nakata tyubu kuukuu nalaza ukanda ndani ya tairi kabla sijarudisha tyubu mpya, inasaidia sana, mbigili inaishia kwenye ule ukanda. Lakini dawa ni kufagia na kung'oa majani kandokando. Sasa muulize mapema nani atafagia hiyo njia maana barabara ya gari inajifagia kwa matairi ya magari, njia ya baiskeli ikiwa na kingo mchanga unajaa humo baada ya mvua moja na gurudumu linazama, linateleza, mtu anaanguka na mzigo.

Kingine vyuma vya kufunikia mitaro. Kuna sehemu hapa mjini nondo zimelazwa kufuata njia, tairi la baiskeli linaingia katikati ya nondo na mtu anaruka juu ya hendeli, nimenyoosha rimu na foku za hivyo mpaka nimechoka. Nondo zikatishe njia, siyo zifuate njia. Ni kitu kidogo cha kuchomelea tu lakini aseme mtu.

Na pevingi. Vile vitofali ni vizuri kwa miguu ila kwa baiskeli yenye mzigo vinaua spoku, hasa vikishaanza kutitia. Njia ya baiskeli iwe lami nyembamba au zege laini jamani.

Bajaji_Area_C

Wakuu na sisi tusikilizwe. Mi natembeza bajaji na nawaheshimu wenye baiskeli, mdogo wangu anauza mikate kwa baiskeli. Lakini kila barabara ikipanuliwa sisi hatuchorewi pa kusimama, abiria ananisimamisha popote na lazima nisimame, nikisimama kwenye njia yenu mnasema bajaji hawana adabu, nikisimama katikati gari la nyuma linapiga honi. Kwa hiyo kwenye hiyo barua yenu wekeni na vituo vya bajaji na boda, kila baada ya umbali fulani, karibu na maduka. Mkipigania njia yenu peke yake mtaipata na sisi tutaikalia, siyo kwa ubaya ila hatuna pengine.

Kamba_na_Pima

@Bajaji_Area_C umesema kweli kabisa kaka na kitaalamu ndivyo inavyotakiwa. Kituo kinachorwa kati ya lami na njia ya baiskeli, baiskeli inapita nyuma ya kituo, abiria anavuka kidogo tu. Daladala vilevile, kibanda cha kusubiria kikae upande wa lami na baiskeli ipite mgongoni kwake. Isipochorwa hivyo kila daladala inayosimama inaifunga njia.

Kuhusu kuzuia magari yasiingie, nguzo za mwanzoni mwa njia zinawasumbua wengi. Zikiwa mbali bajaji inapita, upana wake ni kama mita moja na sentimita 30. Zikisogezwa karibu sana mzigo wa kuni unakwama. Mi ninavyoona weka nguzo fupi usawa wa goti, umbali wa mita moja na sentimita 20, mzigo uliolazwa kwa ubavu kwenye keria unapita kwa juu na bajaji inabaki nje. Zipakwe nyeupe na nyekundu zionekane usiku. Boda hazizuiliki kwa nguzo, hapo ni usimamizi, na kwa kweli boda wengi wanakimbilia njia ya pembeni pale barabara kuu ikiwa na mashimo.

Mama_Wawili_Chang'ombe

Mimi nazungumzia watoto. Sekondari za kata ziko mbali na mtoto wa kike akipata baiskeli anafika mapema, hachoki, na jioni hasimami barabarani kuomba lifti kwa watu asiowajua, hiyo ndiyo faida ninayoiona mimi kama mzazi kabla hata ya foleni na mafuta. Lakini simwachii mwanangu baiskeli kwenye barabara yenye malori. Sheria inasema mwendo wa 50 kwenye makazi, na gari la 50 likimgonga mtoto hakuna cha kuongea. Ombeni mbele ya shule iwe 30 na zebra iliyoinuliwa, siyo rangi inayofutika mwaka uleule. Na taa. Saa moja jioni huku giza linaingia, njia nzuri isiyo na taa msichana hapiti, atarudi kwenye lami penye mwanga wa magari.

Halafu kivuli jamani. Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa 2017, miti imepandwa mingi, basi mingine ipandwe upande wa magharibi wa hizo njia imkinge mtu na jua la jioni, miarobaini inavumilia ukame na haitaki maji mengi ikishashika.

Mtendaji_Mstaafu

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwenye swali la tuende kwa nani, mjue kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, hizi za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa 2017. Ya kwetu Nkuhungu ndani ya mtaa bila shaka ni TARURA, lakini ikikutana na ile ya kwenda Singida mnaingia kwa TANROADS, na njia nyingi za baiskeli zinafia hapo kwenye mpaka wa taasisi mbili kwa sababu kila mmoja anachora mpaka kwake. Barua yenu iende kote kuwili na nakala jijini idara ya mipango miji.

Utaratibu: leteni hoja kwenye mkutano mkuu wa mtaa, iandikwe kwenye muhtasari, watu wasaini. Muhtasari ndio silaha, maneno ya mdomo hayana kumbukumbu. Mtendaji wa mtaa aupeleke kamati ya maendeleo ya kata, diwani ndiye mwenyekiti pale, yeye aubebe. Mwaka wa fedha unaanza Julai na Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hapahapa kwetu, kwa hiyo ikifika Februari hamjapeleka kitu mmechelewa kwa mwaka ule. Kama mradi una fedha za Benki ya Dunia, mfano TACTIC, ule mradi wa kuboresha miundombinu ya miji ambao Dodoma imo, kushirikisha wananchi ni sharti la mkopo, mna haki ya kuuona mchoro na kutoa maoni kwa maandishi na kujibiwa.

Na msiombe kipande. Hili nalisisitiza. Sevilla kule Hispania kuna joto linalopita nyuzi 40 kiangazi, kuanzia 2006 wakajenga kama kilomita 80 za njia zilizotengwa kwa miaka michache tu, na wapanda baiskeli wakaongezeka sana kwa sababu njia ziliunganishwa, mtu anatoka nyumbani mpaka kazini bila kukatishwa. Nyie chagueni njia moja kamili, kutoka Nkuhungu mpaka Majengo sokoni, hata kama nusu yake ni mitaa ya ndani iliyowekwa matuta tu. Ikikamilika hiyo, ya Nzuguni na ya Ihumwa zitadaiwa na wenyewe.

Mwana_Nkuhungu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeshaongea na mwenyekiti jioni hii, kasema mkutano wa mtaa upo na ajenda yetu ataiweka baada ya taarifa ya mapato na matumizi. @Fundi_Viraka_Majengo naomba nikuone kesho hapo sokoni, nataka unionyeshe lile kava la mtaro lenye nondo zinazofuata njia nilipige picha niiambatishe. @Kamba_na_Pima kama utaweza tuchoree hata kwa mkono, lami sita, kituo cha bajaji, njia mita mbili, mtaro uliofunikwa, tuweke na vipimo, tukabandike ofisi ya mtaa watu wauone kabla ya mkutano.

Kamba_na_Pima

Nitachora leo usiku. Nenda na futi ya kamba upime kutoka kigingi mpaka kigingi sehemu tatu, pale penye ukuta uliobanana zaidi usiparuke, hapo ndipo watakapowaambia haitoshi. Nitumie namba hizo kabla ya saa tatu.

Fundi_Viraka_Majengo

Nipo kuanzia saa moja asubuhi, njoo na baiskeli yako nikuwekee ukanda.