Mjadala: Je, ni haki duka la dawa kudai taarifa zako ndipo likufungulie kabati?

Msimamo wangu nautoa mapema: si haki. Anayeona vinginevyo anijibu hapa hapa.

Walioko Marekani wanayajua haya. Unaingia duka la dawa kununua sabuni, dawa ya meno au maziwa ya unga ya mtoto, unakuta kabati la kioo lenye kufuli. Unabonyeza kengele, unamsubiri mwenye ufunguo, naye mara nyingi ni keshia huyo huyo mwenye foleni mbele yake.

Wenye maduka wanasema wizi umezidi. Wizi upo, sikatai, ila hesabu zake zilikuzwa. Desemba 2023 chama chao cha kitaifa, NRF, kilifuta dai lake kwamba karibu nusu ya hasara ya dola bilioni 94.5 ya mwaka 2021 ilitokana na magenge ya wizi. Januari mwaka huo James Kehoe, mkuu wa fedha wa Walgreens, kampuni kubwa ya maduka ya dawa, alishakiri kwamba pengine walilia kupita kiasi. Na Januari 2025 mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, Tim Wentworth, akasema wazi kwamba ukifungia bidhaa, mauzo yanapungua.

Sasa sikieni suluhisho. CVS, kampuni nyingine ya maduka ya dawa, ilianza kujaribu, katika maduka matatu ya New York, makabati yanayofunguliwa kwa simu ya mteja. Lakini lazima uwe umejiunga na mpango wao wa pointi, uingie kwenye programu yao, na simu iunganishwe na Wi-Fi ya duka. Yaani kero wameileta wao, na njia ya kuikwepa ni kujitambulisha. Kabati la namna hiyo linaweza kuweka kumbukumbu ya nani kafungua na saa ngapi. Kama ndani kuna vipimo vya mimba, hiyo ni habari ya afya yako.

Wengi hudhani HIPAA, sheria ya Marekani ya usiri wa taarifa za afya, inawalinda popote penye dawa. Inalinda taarifa za dawa ulizoandikiwa na daktari. Ulichokiokota rafuni kwa kawaida hakimo. Jimbo la Washington lilitunga sheria ya kuziba pengo hilo mwaka 2023. Majimbo mengi bado.

Na imani imeshavunjwa. Desemba 2023 FTC, tume inayolinda walaji huko, iliipiga marufuku kampuni ya maduka ya dawa ya Rite Aid kutumia kamera za kutambua sura kwa miaka 5, baada ya wateja wasio na hatia kudhaniwa wezi, makosa yakizidi kwenye maduka ya mitaa ya watu Weusi na Waasia.

Mnasemaje?

Mchangiaji, Ohio: Nimekuwa keshia kwenye duka la aina hiyo. Tuliambiwa mwizi tusimguse. Unasimama unamtazama akijaza begi, kisha mteja anayefuata anakugombeza wewe kwamba rafu ni tupu. Kufuli lilitupa amani. Mteja akijifungulia kwa simu, mimi sikimbii huku na huku na ufunguo. Asiyetaka abonyeze kengele.

Mwanzisha mada: Pole sana, na usalama wako ni hoja nzito. Ninachokataa ni hapo kwenye kengele. Mwenye programu anafunguliwa papo hapo. Bibi asiye na simu janja anasimama. Duka likipunguza wahudumu, kengele italia bila mtu.

Mchangiaji, Dar es Salaam: Huku dawa ziko nyuma ya kaunta miaka yote. Unataja, unapewa. Mbona hatulalamiki?

Mwanzisha mada: Kwa sababu nyuma ya kaunta hiyo yupo mtu, na hakuombi namba ya simu kabla ya kukupa Panadol. Mimi nataka sheria iseme hivi: duka likifunga kabati, liwe na mhudumu wa kulifungua bila kumuuliza mteja jina.

Mchangiaji, Ohio: Kwa bibi huyo nakubali. Lakini mshahara wa mhudumu huyo ukiingizwa kwenye bei ya sabuni, utakuwa tayari kulipa?

Mwanzisha mada: Nitalipa. Wengine je?