Nani Atakaa Golini? (Kikundi cha familia, Unguja)

Mama Salum, 19:42
Asalaam alaykum nyote. Salum karudi mpirani analia. Kipa wao ana homa, mwalimu kamtoa beki ya kushoto kamtia golini. Kafungwa manne. Chakula hagusi.

Shangazi Rukia, 19:44
Maskini mwanangu! Kwani hakukuwa na mtoto mwengine?

Ami Said, 19:47
Waalaykum salaam. Hebu mpe simu asome. Salum baba, unamjua Chaker Alhadhur wa Komoro? Beki ya kushoto kama wewe. Januari 2022, AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, 16 bora, wanacheza na Kameruni kwao Yaoundé. Komoro haina kipa hata mmoja. Akakaa golini yeye.

Shangazi Rukia, 19:48
Timu ya taifa ikose kipa? Inakuwaje?

Ami Said, 19:54
Walikuwa watatu. Salim Ben Boina, yule aliyepangua penalti ya Moroko, aliumia siku walipoifunga Ghana 3-2. Akaingia Ali Ahamada, akaimaliza mechi. Halafu Ahamada na kipa wa tatu wakakutwa na Korona. Basi Alhadhur kavaa jezi ya kipa, namba 3 imebandikwa kwa utepe mgongoni. Dakika ya 7 tu mwenzao kala kadi nyekundu. Watu kumi, mbele ya wenyeji! Wakafungwa 2-1, basi. Kuna pahala kapangua mara mbili papo kwa papo, nilipiga ukelele nyumba nzima ikaamka.

Bibi, 19:58
Nakumbuka. Na lile bao la M'Changama, mpira wa adhabu kutoka mbali kule. Nililia. Marehemu baba yangu Mngazija, angeliona lile.

Ami Said, 20:01
Allah amrehemu. Na huyo Ahamada, Bibi, ana lake. Kazaliwa Martigues, Ufaransa, kwa wazee wa Kikomoro. Septemba 2012 alikuwa kipa wa Toulouse, wako nyuma 2-1 na Rennes, dakika za nyongeza. Ukapigwa mpira mbele, kaacha goli lake tupu, kapanda, kafunga kwa kichwa. 2-2!

Shangazi Rukia, 20:02
Kipa?!

Ami Said, 20:04
Kipa. Baadaye kapita Uturuki na Norway. Angeweza kuingojea Ufaransa, maana timu zake za vijana alizichezea. Kaichagua Komoro, ambayo FIFA imeingia 2005 tu. Ndiyo maana mie nampenda.

Mama Salum, 20:09
Ami ni mimi Salum. Moja nililitoa kwa mguu. Lingekuwa la tano

Ami Said, 20:10
Kwa mguu gani?

Mama Salum, 20:10
Kushoto

Ami Said, 20:12
Mashaallah. Kesho ukitoka chuoni pita kwangu. Glavu zangu za zamani zipo kabatini, zitakupwaya kidogo, tutazifunga na utepe.

Mama Salum, 20:31
Mama yake hapa. Kaomba wali.