Familia ya Bibi Mwanamkuu: miadi ya chanjo

*Jumamosi, 7 Agosti 2021*

Rehema (Mbagala), 19:38
Shikamooni wakubwa. Nimefungua tovuti ya Wizara ya Afya ya kujiandikisha chanjo ya UVIKO, naanza na Bibi. Wanaotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye miaka 50 kwenda juu na wenye maradhi sugu. Bibi umri anao na presha anayo. Mjomba, naomba namba yake ya NIDA. Usiiweke humu, nitumie mimi peke yangu.

Mjomba Saidi (Muheza), 19:44
Marahaba mwanangu. Kitambulisho anacho mwenyewe, amekifunga kwenye pindo la khanga. Ngoja amalize Isha.

Mamdogo Mwanaidi (Tanga), 19:47
Rehema, mmemuuliza lakini? Chanjo hii ni hiari, na kule kituoni fomu ya ridhaa anasaini yeye. Asije akashtukizwa asubuhi anaambiwa vaa twende.

Rehema, 19:48
Kweli mamdogo, nimekimbilia mbele. Mjomba, zungumza naye kwanza.

Mjomba Saidi, 20:21
Nimezungumza naye. Alimwona Rais Samia akichanjwa kwenye TV ya jirani, ile tarehe 28 Julai. Ameuliza mawili: sindano ngapi, na analipa shilingi ngapi?

Rehema, 20:23
Iliyoletwa ni ya Janssen, sindano moja basi. Ndiyo zile dozi milioni moja na ushee zilizokuja Julai kupitia COVAX, ule mpango wa kugawia nchi chanjo. Na ni bure. Akitokea mtu kumdai hela, asitoe.

Mjomba Saidi, 20:30
Karidhia. Anataka asubuhi, kabla jua halijawa kali. Namba nimekutumia.

Rehema, 20:41
Inakataa. Hii mara ya tatu.

Idd (Morogoro), 20:42
Dada, hesabu tarakimu. Lazima ziwe 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa.

Rehema, 20:44
Ziko 19! Mjomba, baada ya 1948 umeandika 701.

Mjomba Saidi, 20:47
Ni 0701. Kadi imechubuka hapo, nimeisogeza kwenye taa ndiyo nikaiona sifuri. Samahani mwanangu.

Rehema, 20:49
Imekubali, alhamdulillahi. Simu naweka yako mjomba, maana ujumbe wa miadi unakuja huko na utakwenda nao. Kitochi chako kinatosha.

Mama Kulwa (Temeke), 20:52
Angalia na kituo kabla hujatuma. Mimi nilibonyeza haraka haraka, miadi ikaangukia kituo kingine kabisa. Nilipanga foleni tangu alfajiri pale karibu na kwangu, kufika dirishani naambiwa jina halimo. Nilirudi nyumbani na machozi, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini.

Rehema, 20:54
Pole sana dada. Nimerudia kusoma: mkoa Tanga, wilaya Muheza, hospitali ya wilaya. Jumatano.

*Jumatano, 11 Agosti 2021*

Mjomba Saidi, 10:16
Tayari. Muuguzi alimsomea fomu neno kwa neno, mama akasikiliza mpaka mwisho ndipo akatia dole gumba. Baada ya sindano wamemkalisha kwenye benchi dakika 15 kumwangalia, hakuna lililobadilika. Kadi ya chanjo kaifunga kwenye pindo lile lile.

Mamdogo Mwanaidi, 10:18
Mungu amlinde mama yangu. Usiku mkono ukimuuma au akapata homa kidogo, msitishike, apumzike na anywe maji. Isipopungua siku mbili tatu, mrudishe wamwone.

Mjomba Saidi, 10:25
Sawa. Anasema na Bi Zaina jirani aandikishwe, yeye hana mtoto mwenye simu ya intaneti.

Rehema, 10:27
Nitamwandikisha. Jioni mpe simu Bi Zaina nimsikie mwenyewe kama anataka, na kitambulisho awe nacho mkononi.