Kutoka Nikon D500 kwenda D5 iliyotumika: nitapata nini hasa?

Nyuma_ya_Goli aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba hesabu kutoka kwa wanaozijua bodi hizi za kamera kwa undani, si maneno ya tangazo.

Bodi ya sasa ni D500. Lenzi ni 70-200mm f/2.8 na 300mm f/4E PF, pamoja na telekonveta TC-14E III (kipande cha kurefusha lenzi mara 1.4). Kazi ni mpira wa miguu usiku chini ya taa za uwanja, na mara nyingine hafla za ndani. Usiku nafika ISO (kiwango cha usikivu wa mwanga) 6400 hadi 12800 na chenga, vile vitone vya kelele kwenye picha, zinaanza kula nyuso.

D5 iliyotumika inapatikana. Wengine wanasema D5 ni "bodi ya kitaalamu" na D500 ni "nusu", basi nihame bila kufikiri mara mbili. Lakini nikisoma karatasi za sifa naona zote mbili ni za mwaka 2016, pointi za fokasi ni 153 kwa 153, megapikseli karibu sawa. Tofauti iko wapi basi? Na je, lenzi zangu zitatosha?

---

Mzee wa Lenzi alijibu:

Umeuliza vizuri, na swali lako la mwisho ndilo lenye jibu lote.

Tuanze na zinavyofanana. Mtambo wa fokasi ni uleule, Multi-CAM 20K: pointi 153, kati yake 99 ni za msalaba, zinazosoma mistari ya wima na ya mlalo. Prosesa ni EXPEED 5 kwa zote. Picha ya D500 ni pikseli 5568 kwa 3712, na ya D5 ni 5568 kwa 3712 vilevile. Anayekuambia D5 "itashika fokasi" mahali ambapo D500 inashindwa, mwulize alitumia lenzi gani.

Tofauti kubwa ni ukubwa wa sensa. Eneo la sensa ya D5 ni takriban mara 2.25 ya D500. Kwa lenzi zenye f ileile (ukubwa wa tundu la mwanga) na kasi ileile ya shata (muda wa kupokea mwanga), ukiijaza fremu sawasawa, D5 inakusanya mwanga zaidi kwa kiasi cha stopu moja na kidogo (stopu moja ni mwanga mara mbili). Yaani chenga za ISO 6400 kwenye D5 ni kama za ISO 2800 hivi kwenye D500. Kwa taa mbovu za uwanja hiyo si haba.

Sasa angalia masharti: *ukiijaza fremu sawasawa*. Lenzi yako ya 300mm kwenye D500 inaona kama 450mm, kwa kuwa sensa ndogo hukata kingo za picha. Kwenye D5 inarudi kuwa 300mm tupu. Mchezaji aliye katikati ya uwanja atakuwa mdogo kwenye fremu, na hapo una njia mbili:

Njia ya kwanza ni kukata picha baadaye, au kuiweka D5 kwenye hali ya DX, yaani itumie sehemu ya kati ya sensa tu, ukubwa wa sensa ya D500. Utabaki na pikseli 3648 kwa 2432, chini kidogo ya megapikseli 9. Na kwa kuwa umelitupa eneo lote la ziada la sensa, faida ya mwanga nayo umeitupa. Chenga zitakuwa zilezile za D500, na pikseli zimepungua zaidi ya nusu.

Njia ya pili ni kufunga TC-14E. 300mm f/4 inakuwa 420mm f/5.6. Umepata urefu, umepoteza stopu moja. Ile stopu moja na kidogo uliyoilipia kwenye bodi imeliwa na telekonveta; kilichobaki ni hicho "kidogo".

Kwa hiyo D5 itakulipa kwenye 70-200mm f/2.8: ndani ya ukumbi, au ukikaa nyuma ya goli ukisubiri mpira ufike kwenye boksi. Kwenye mechi za mbali itakulipa siku ukipata 400mm f/2.8. Bila hiyo, unanunua uzito: D500 ni gramu 860 na betri na kadi, D5 ni kilo 1.4.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji: D5 imelengwa kwa ISO za juu. Kwenye ISO 100 ukivuta vivuli kwenye RAW (faili ghafi la sensa), D500 inatoka safi zaidi. Ukipiga mandhari au bibi harusi juani na gauni jeupe mbele ya ukuta mweusi, "nusu" inaishinda "kamili".

---

Kadi_Mbili alijibu:

Mzee amepiga hesabu ya picha, sawa kabisa, ila kuna mambo ya bodi ambayo hayaonekani kwenye picha moja.

Betri. EN-EL18a ya D5 ni volti 10.8, na kwa kipimo cha CIPA, kiwango cha pamoja cha watengeneza kamera, inatoa picha 3780 kwa chaji moja. D500 na EN-EL15 ni 1240. Kwa mechi mbili mfululizo D5 haikuombi kitu. Volti hiyo pia huzungusha kwa nguvu lenzi za zamani za AF-D zinazotegemea mota ya bodi. Kwa AF-S zako, zenye mota ndani ya lenzi, hutaona tofauti ya maana.

Shata. Ya D5 imepimwa kwa mipigo 400,000, ya D500 kwa 200,000. Hizo si tarehe za kufa, ni kipimo cha kiwandani tu. Zipo zinazopita mbali na zipo zinazokatika njiani.

Waya. D5 ina tundu la Ethernet, unatuma picha mezani kwa mhariri wakati mpira unaendelea. D500 haina, ila ina Wi-Fi na Bluetooth ndani, vitu ambavyo D5 haina bila kifaa cha kuongeza. Ukituma kwa simu, D500 ni rahisi zaidi.

Kasi: 12 kwa sekunde dhidi ya 10. Usihame kwa sababu ya fremu mbili.

Kitu kinachoangusha D500 wengi hawakitambui. Bodi ina matundu mawili ya kadi: la XQD, aina ya kasi kubwa, na la SD. Ukiweka tundu la pili kama nakala ya RAW, kila faili huandikwa mara mbili na bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) inamwagika kwa mwendo wa kadi ya polepole. RAW ya biti 14 ni kama MB 25. Kumi kwa sekunde ni MB 250. Kadi ya SD ya UHS-I mwisho wake wa kinadharia ni MB 104 kwa sekunde. Zile fremu 200 za RAW kwenye karatasi ya sifa hutazipata hapo. Utasikia shata inaanza kukwama katikati ya shambulizi. Weka RAW kwenye XQD na JPEG kwenye SD, tatizo linapungua sana. Wengi wameuza D500 wakidhani bafa ni dhaifu, kumbe ni kadi.

---

Nyuma_ya_Goli aliandika:

Asante sana wakuu. Kumbe mimi ndiye wa hiyo nakala ya RAW kwenye SD! Nimeshabadilisha. Maswali mawili: nikiamua D5 kwa ajili ya 70-200, nikague nini kabla ya kulipa? Na vipi Nikon Z8, ile isiyo na kioo, ingekuwa njia ya kati?

---

Bisibisi alijibu:

Ukaguzi, kwa mpangilio wa mambo yanayoumiza zaidi:

Kwanza fungua mlango wa kadi. D5 ilitoka kwa matoleo mawili, la XQD mbili na la CF mbili. La XQD likiwekewa fimwea (programu ya ndani ya kamera) mpya linapokea CFexpress Type B, kadi mpya zenye umbo la XQD. La CF halipokei CFexpress kamwe, majina yasikuchanganye. Ni kadi za aina nyingine kabisa. Kama ni la CF, mulika tochi ndani uone sindano. Moja ikiwa imepinda, tundu hilo lihesabu limekufa hadi litengenezwe.

Piga JPEG moja, ichukue ilivyo bila kupita kwenye programu ya kuhariri, uisome kwa ExifTool, programu ya kusoma taarifa za ndani ya picha, kwenye kipengele cha ShutterCount (idadi ya mipigo). Mipigo 250,000 kwa bodi ya michezo ni kawaida, haitishi, lakini bei lazima iiakisi.

Piga ukuta mweupe kwa f/16, fokasi ikiwa nje. Madoa yenye kingo laini ni vumbi, husafishwa. Madoa mengi ya duara yaliyokusanyika upande mmoja mara nyingi ni mafuta ya mtambo wa shata. Nayo husafishwa, ila hurudi.

Ingia menyu ya mipangilio, taarifa za betri. Umri wa betri husomwa 0 hadi 4. Ikisoma 4, ongeza bei ya betri mpya kwenye hesabu yako.

Kisha jaribu vitufe vya wima vyote: shata ya chini, AF-ON (kitufe cha fokasi) ya chini, kijiti cha kuchagua pointi. Hivyo ndivyo hunyeshewa na kutokwa jasho zaidi. Raba ya mshiko ikiwa imevimba au imeachia si kasoro ya ndani, ni gundi na mafuta ya mkono, lakini maji hupitia hapo. Na kuhusu maji: bodi yoyote kati ya hizi imezibwa tu kama lenzi nayo ina raba kwenye shingo ya mdomo wake. Tazama 70-200 yako kama bado inayo.

---

Mzee wa Lenzi alijibu:

Kuhusu Z8, ndiyo, na kwa lenzi zako inaleta mantiki kuliko D5. Ni ya 2023, megapikseli 45.7. Ukikata kwa DX unabaki na zaidi ya 19, kwa hiyo 300mm yako inaendelea kuona kama 450mm, na siku ya 70-200 unatumia sensa nzima. Ni bodi mbili katika moja. Lenzi zako zote mbili zitashika fokasi kupitia adapta ya FTZ II. AF-D hazitashika, zitabaki za kuzungusha kwa mkono.

Kasoro zake: haina shata ya mtambo kabisa, ni ya kielektroniki tu. Sensa inasomwa haraka kiasi kwamba mpira hautakuwa yai, ila mabango ya LED pembeni ya uwanja yanaweza kutoka na mistari. Washa kipengele cha kupunguza kupepesa kwa taa za masafa ya juu, usogeze kasi ya shata kwa hatua ndogondogo hadi mistari ipotee kwenye kiangalizi. Betri ni EN-EL15c, CIPA ni picha 340 hivi. Kwa mfululizo wa michezo hupata nyingi zaidi ya hapo, lakini beba tatu.

---

Kadi_Mbili alijibu:

Na ile hadithi ya nakala kwenye SD inakufuata: Z8 nayo ina CFexpress na SD. Kwa faili zake kubwa kwenye fremu 20 kwa sekunde, nakala ya RAW kwenye SD itakubana mara moja, hata ikiwa ni ya UHS-II, aina ya kasi zaidi ya UHS-I.